Kibali cha Silaha Hakivuki Mpaka: Jibu kwa Swali la Kijana wa Mutukula

Maneno ya hotuba iliyotolewa na Afisa wa Uhusiano wa Polisi mbele ya wananchi wa pande mbili za mpaka, Mutukula

  

Leo nimekuja kulipa deni. Wiki tatu zilizopita kijana mmoja, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe, aliingia ofisini kwangu akiwa na simu mkononi. Alinionyesha picha ya binamu yake aishiye Texas, Marekani. Binamu huyo amesimama kando ya gari, amefunua koti kidogo, na kiunoni inaonekana bastola. Kijana akaniambia: "Afande, Marekani ina majimbo 50, na ndugu yangu huyu ana kibali kimoja tu anachozunguka nacho nchi nzima. Sisi tuna Jumuiya moja. Baba yangu ana leseni halali ya bastola, na kila mwezi anavuka kwenda mnadani akiwa na fedha za watu. Kwa nini leseni yake ife pale kwenye kizuizi?"

Lilikuwa swali la heshima, na mwulizaji hakuwa mhalifu. Nilimwomba anipe muda, kwa kuwa nusu ya swali lake ilihusu nchi ambayo sijapata kuikanyaga. Nimesoma, nimeuliza, na leo ninamjibu mbele yenu, maana najua hakuwa peke yake mwenye swali hilo. Wengi hapa mna ndugu Marekani, na wengi mna jamaa ng'ambo ya kizuizi hiki.

Nianze na nusu ya Marekani. Kijana alikosea jambo moja kubwa: hakuna kibali kimoja cha kubeba bastola kinachofanya kazi katika Marekani nzima. Hakijapata kuwako. Ni kweli kwamba Katiba yao, katika Rekebisho la Pili la mwaka 1791, inataja haki ya wananchi kuwa na silaha. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka mwaka 2008 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, kuwa na silaha nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2022 ikatamka tena, katika shauri lililotoka New York, kwamba haki hiyo inafika hadi nje ya nyumba, na kwamba jimbo haliwezi kumnyima kibali raia mwema eti kwa sababu hakuonyesha shida ya pekee inayomfanya ahitaji bastola. Lakini Mahakama hiyo haikufuta mamlaka ya majimbo kudai kibali, kufanya uchunguzi wa mwombaji, kutaka mafunzo, wala kutaja mahali ambapo silaha haiingii. Kila jimbo limebaki na sheria yake.

Tazameni jinsi sheria hizo zilivyo mbalimbali. Vermont haijapata kamwe kudai kibali kwa mtu mzima anayeficha bastola ndani ya nguo zake. Florida ilikuwa na mfumo wa vibali uliojulikana sana tangu mwaka 1987, kisha mwaka 2023 ikaamua kwamba mtu anayetimiza masharti anaweza kubeba hata bila kibali. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yamefuata njia hiyo ya kutodai kibali. Illinois nayo ilikataza kabisa kubeba silaha iliyofichwa mpaka mwaka 2013, ikawa jimbo la mwisho kuweka utaratibu wa vibali. New York ilikuwa na sheria kali tangu mwaka 1911.

Sasa, mtu wa Texas akisafiri kwenda jimbo jingine, itakuwaje? Hapo ndipo linapokuja neno ambalo wenzetu wanalitumia sana, yaani kutambuana kwa vibali. Jimbo fulani hukubali kibali cha jimbo jingine kana kwamba limekitoa lenyewe. Hata hivyo, kila jimbo hujichagulia nani wa kumtambua. North Carolina hutambua vibali vya majimbo yote mengine. Michigan hutambua kibali cha jimbo jingine ikiwa tu mwenye kibali ni mkazi wa jimbo hilo lililokitoa. New York na California hazitambui kibali cha mtu yeyote kutoka nje. Zaidi ya hayo, mtu mwenye leseni iliyotolewa katika wilaya za mashambani za jimbo la New York haruhusiwi kuingia nayo katika Jiji la New York, isipokuwa Kamishna wa Polisi wa jiji amempa kibali maalumu. Jimbo ni hilohilo, bendera ni hiyohiyo, na bado leseni inasimama nje ya mji.

Tena kutambuana huko hakudumu. Mwezi wa Desemba 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Virginia alitangaza kwamba jimbo lake litaacha kutambua vibali vya majimbo 25. Mwezi uliofuata gavana na wabunge wakafikia mapatano mengine, na tangazo hilo likageuzwa. Fikirini mtu aliyekuwa na kibali mfukoni katika majuma hayo. Hakuhama, hakufanya kosa, hakubadilisha bastola yake. Hata hivyo thamani ya karatasi yake ilipanda na kushuka kwa maneno ya watu wa ofisini ambao hajawahi kuwaona.

Kuna kisa kimoja nilichokisoma mara tatu. Mama mmoja wa mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, alikuwa analea watoto peke yake. Alikuwa ameibiwa zaidi ya mara moja. Akanunua bastola kwa njia ya halali, akaomba kibali cha kuibeba, akapewa. Philadelphia iko ukingoni mwa mto Delaware, na ng'ambo ya mto ni jimbo la New Jersey. Watu huvuka daraja asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, kama ninyi mnavyovuka hapa. Mwezi wa Oktoba 2013 mama huyo alivuka na gari lake. Huko New Jersey askari wa barabarani akamsimamisha kwa kosa dogo la namna alivyobadilisha njia. Mama, kwa unyofu wake, na kwa kuwa aliamini kwamba raia mwema humwambia askari ukweli, akasema: "Ninayo bastola, na hiki hapa kibali changu."

New Jersey haikitambui kibali cha Pennsylvania. Mama akakamatwa palepale. Alikaa mahabusu kwa majuma kadhaa. Sheria ya jimbo hilo kuhusu silaha ilikuwa na kifungo cha lazima, na kama angehukumiwa kwa shtaka lililokuwa mbele yake, angekabiliwa na kifungo cha miaka mitatu na nusu kabla ya kufikiriwa kuachiliwa. Kisa kikasikika nchi nzima. Mwaka 2014 mwendesha mashtaka akakubali aingizwe katika mpango wa usimamizi nje ya gereza badala ya kupelekwa kortini, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akampa msamaha kamili.

Wazee wangu, mimi ni askari, na nitasema ninavyoona. Yule askari wa barabarani hakuvunja sheria. Alifanya alichoapa kukifanya. Lakini mimi naona kwamba sheria iliyomchukua mama huyo pamoja na jambazi ikawaweka katika kapu moja ilikosa macho. Watu wa New Jersey wenyewe wameliona hilo, ndiyo maana gavana aliingilia. Ila tukumbuke kwamba msamaha ulikuja baada ya mwaka na nusu. Mtu hawezi kupanga safari yake kwa kutegemea msamaha wa gavana.

Bunge la Marekani lilijaribu kupunguza taabu ya namna hii. Mwaka 1986 lilipitisha sheria ya kumlinda msafiri anayepita na silaha katika jimbo lisilomruhusu, mradi atokako na aendako anaruhusiwa kuwa nayo. Masharti yake yanafaa kusikilizwa. Silaha iwe haina risasi. Silaha na risasi zisiwe mahali ambapo abiria anaweza kuzifikia. Ikiwa gari halina buti lililotengwa, viwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na kile kisanduku cha mbele ya abiria ambamo wengi wetu tunaweka karatasi za bima hakihesabiwi kuwa sanduku. Kwa maneno mengine, sheria hiyo inalinda mzigo unaopita. Haimlindi mtu aliyevaa bastola kiunoni.

Na hata ulinzi huo una mwisho wake. Mwaka 2005 msafiri mmoja kutoka Utah alikuwa anakwenda Pennsylvania kwa ndege, bastola yake ikiwa imefungwa ndani ya mizigo na imetangazwa kwa shirika la ndege kama inavyotakiwa. Ndege ikachelewa, akakosa safari ya kuunganisha pale Newark, New Jersey. Akachukua mizigo yake, akalala hotelini usiku mmoja. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza tena silaha yake, alikamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, naye akafungua madai. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamjibu kwamba ulinzi ule haukumhusu, maana usiku ule hotelini silaha ilikuwa mahali alipoweza kuifikia. Ndege kuchelewa halikuwa kosa lake. Madereva mliolala Mutukula kwa sababu mtandao wa forodha umekatika mtaelewa maumivu ya habari hii kuliko mimi.

Mnaweza kuuliza: je, askari nao? Jibu litawachekesha. Hata askari polisi wa Marekani hakuwa na ruhusa ya jumla ya kubeba bastola yake iliyofichwa katika jimbo lisilo lake, mpaka mwaka 2004 ilipotungwa sheria maalumu kwa ajili ya askari walio kazini na wastaafu wenye sifa. Wenzetu hao walingoja tangu nchi yao ilipozaliwa.

Wenye silaha nao wamekuwa wakidai sheria ya aina hiyo kwa kila raia mwenye kibali. Husema: leseni ya gari ya Texas inakubaliwa New York, cheti cha ndoa cha Texas kinakubaliwa New York, iweje kibali cha silaha kikataliwe, nacho kinatokana na haki iliyoandikwa katika Katiba? Mwezi wa Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa namna hiyo kwa kura 231 dhidi ya 198. Seneti haikuupitisha, ukafa. Waliopinga, wakiwamo baadhi ya wakuu wa polisi, walisema kwamba jimbo linalodai mafunzo na uchunguzi wa kina lingelazimishwa kuwapokea watu wa jimbo lisilodai chochote, na kwamba askari aliyesimama barabarani usiku hana njia ya kuthibitisha kama karatasi ya jimbo la mbali ni ya kweli.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonigusa, kwa sababu nimesimama barabarani usiku. Askari ana tochi, na mbele yake kuna mtu asiyemjua, mwenye bunduki asiyoijua, anayempa karatasi yenye muhuri asioujua. Leseni ya gari ikiwa ya uongo, tutagombana kesho. Karatasi ya silaha ikiwa ya uongo, huenda mmoja wetu asiione kesho hiyo.

Kabla sijaondoka Marekani, niseme na wale ambao watoto wao wako huko au wanajiandaa kwenda. Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida anakatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa, kama vile kuwa na leseni ya uwindaji ya jimbo. Katazo hilo ni la nchi nzima, hata katika jimbo lisilodai kibali. Kwa hiyo mjomba akimkabidhi mpwa wake mwanafunzi bastola ili apige picha ya kututumia, picha hiyo tunayoisambaza kwa fahari yaweza kuwa ushahidi. Mwenye ukaazi wa kudumu hali yake ni nyingine: anaweza kumiliki silaha kwa kufuata sheria za mahali. Lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, kosa hilo laweza kuwa sababu ya kumrudisha kwao. Kuna familia nyingi za Wakongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi baada ya miaka mingi kambini, wengine katika kambi za Uganda na Tanzania. Anayetoka katika safari ndefu hivyo asije akaipoteza kwa kuvuka daraja na bastola.

Jambo jingine dogo, ila zito. Ipo sheria ya shirikisho inayokataza silaha katika eneo la kama mita 300 kuzunguka shule. Mwenye kibali husamehewa, lakini kibali chenyewe sharti kiwe kimetolewa na jimbo ambamo shule hiyo imo. Basi hata jimbo likikutambua kwa moyo mweupe, kupita mbele ya shule ya msingi kunaweza kukutia matatani na serikali ya juu.

Sasa tuvuke tuje kwetu.

Kijana alisema sisi tuna Jumuiya moja, na ni kweli. Soko la Pamoja lilianza tarehe 1 Julai 2010. Bima ya gari inavuka: dereva mwenye Kadi ya Njano ya COMESA anapita Uganda, Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi na kwingineko bila kununua bima mpya kila mpaka. Kituo chetu hiki ni cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Basi mtu akiona yote hayo yamevuka, anaona ni haki na bastola ivuke.

Haivuki. Uganda ina Sheria yake ya Silaha ya mwaka 1970. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni itolewayo chini ya mojawapo ni imani ambayo mamlaka ya nchi moja imempa mtu mmoja, kwa silaha moja yenye namba yake. Waliompa wanamjua, au wanajua pa kumpata. Wanaweza kumwita, kumkagua, na kumnyang'anya. Hatua moja baada ya mpaka, silaha ileile inakuwa silaha iliyoingizwa nchini bila idhini. Leseni ya kwao haiwi ngao mbele ya hakimu wa huku.

Wapo watakaosema nchi zetu zimetia saini Itifaki ya Nairobi. Ni kweli, ilitiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, na ofisi inayosimamia utekelezaji wake iko Nairobi. Lakini Itifaki hiyo ilizaliwa kwa sababu ya bunduki zilizokuwa zikimwagika kutoka vita hadi vita, kutoka kwa wachungaji hadi kwa wanyang'anyi wa barabarani. Kazi yake ni kuzitaka nchi ziandikishe silaha, ziweke alama juu yake, zisaidiane kufuatilia zilikotoka, na zisiwaachie raia bunduki za kivita. Haikuja kurahisisha bastola ya mtu binafsi kutembea.

Nilijifunza uzito wa jambo hili mapema. Nilikuwa askari kijana katika mpaka mwingine, si huu. Alasiri moja alifika mzee mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kanzu na koti, mwenye adabu. Alikuwa amekwisha kupita kizuizi chetu kama hatua 100 hivi alipokumbuka jambo, akarudi kwa miguu yake. Akaniambia: "Mwanangu, nisije nikaonekana mwongo. Ninayo bastola hapa. Hii ni leseni ya kwetu." Alikuwa anatabasamu. Aliirudia njia ili aniambie.

Nilimpeleka kwa mkubwa wangu. Mkubwa wangu akafanya ilivyotakiwa. Mzee alilala mahabusu siku nne kabla ya wakubwa wa pande mbili kuwasiliana na kuthibitisha kwamba leseni ilikuwa ya kweli na silaha haikuwa na historia mbaya. Maelezo yake niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, na kila aliposema "nilirudi mwenyewe" niliandika hivyo. Ng'ombe wake walibaki kwa wachungaji wawili wasiokuwa na fedha za maji wala za malisho. Waliwauza wengine kwa bei ya kutupa. Alipotoka hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, pale mlangoni mmebandika karatasi za kubadilisha fedha, mmebandika za chanjo ya watoto. Ya bastola iko wapi?"

Haikuwapo. Sikuwa na jibu, na hadi leo naona kwamba sehemu ya kosa lile ilikuwa yetu. Mtu anaweza kuambiwa kwamba kutojua sheria si utetezi, na ni kweli kisheria. Lakini askari anayekaa mpakani miaka kumi akaona wazee wanaingia shimoni lilelile bila kuweka hata mti wa kuonyesha, huyo naye ana hesabu yake. Niliposoma habari za yule mama wa Philadelphia nilimkumbuka mzee huyu kwanza. Wote wawili walikamatwa kwa sababu walisema kweli.

Kwa hiyo tangu Jumatatu kuna bango jipya hapa kituoni, kwa Kiswahili na Kiganda, upande wa kutoka na upande wa kuingia, kabla ya kufika kizuizini. Limewekwa kabla ya kizuizi kwa makusudi, ili mtu alione akiwa bado kwao. Linasema: kama una silaha au risasi, hata moja, hata ganda lililosahaulika mfukoni mwa koti, simama hapa uzungumze na askari wa upande wako. Naomba msisitizo huo wa risasi msiudharau. Risasi moja iliyobaki chini ya kiti cha gari inatosha kuharibu safari.

Kwa aliye na leseni na safari iko karibu, utaratibu ni huu. Aende kituo cha polisi cha kwao kabla ya siku ya safari, aulize ni wapi atakapoihifadhi silaha yake kihalali wakati hayupo. Asimwachie mke, mtoto wala mlinzi wa zizi, maana leseni haina jina la mmoja wao. Wanaokuja kwa uwindaji wa kitalii huomba kibali cha kuingiza silaha muda mrefu kabla ya kusafiri, na mlango huo wa kuomba mapema ndio pekee ulio wazi. Kuomba ukiwa umekwisha kusimama kizuizini si kuomba, ni kujisalimisha. Na kampuni za mizigo zinazosindikizwa na walinzi wenye bunduki zijue kwamba mlinzi na bunduki yake wanaishia hapa. Zipange mapema na kampuni yenye idhini ya upande wa pili.

Najua swali linalobaki, kwa sababu kijana alinishikia hapohapo: "Na fedha za baba je?" Hiyo ndiyo shida yenyewe, bastola ilikuwa dawa tu aliyoijua. Nimezungumza na wanunuzi wa mnadani. Wengi sasa wanapokea malipo kwa benki au kwa simu, na wanaokataa ni wachache kuliko tunavyodhani. Pale ambapo fedha taslimu hazikwepeki, wafanyabiashara wanaweza kuandika kwa pamoja kuomba kusindikizwa na polisi siku ya mnada, kila upande kwa askari wake, makabidhiano yakafanyika hapa kituoni. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa wakubwa wangu, na wenzetu wa upande wa pili wamesema watalipeleka kwa wao. Bado halijajibiwa. Sitawaahidi nisichokuwa nacho, ila barua yenye saini za wafanyabiashara 30 husomwa haraka kuliko barua ya afisa mmoja wa uhusiano.

Baba wa kijana yuko hapa, ameketi pale nyuma, ameniruhusu niseme. Wiki iliyopita alivuka kwenda mnadani, na bastola yake ilibaki kituoni kwetu, imeandikwa kitabuni, naye akapewa stakabadhi. Aliporudi aliichukua ikiwa kama alivyoiacha. Alinung'unika kwamba usiku ule hakulala usingizi. Nami namwamini.

Karatasi ya kutia saini kwa ajili ya ombi la kusindikizwa iko juu ya meza pale chini ya mwembe, na mimi nitakaa hapo mpaka saa kumi. Mwenye swali ambalo hataki lisikike na wengi aje; sitamwuliza jina.